Pete ya Mupira na Jiwe Lenye Kuitwa Koko

Ilikuwa mwaka wa 2021. Hapana, nimedanganya bila kupenda. 2021 ndio mwaka volkano ya Goma ilitapika moto, na watu wa kule wakatufikia Bukavu na magodoro juu ya kichwa. Mwaka ule Eulalie, mwanamuke wa hii habari, alikuwa angali anaimba akipasua majiwe. Wakati wa hii habari alikuwa hawezi tena kuimba. Basi ilikuwa 2022, mwezi wa saba, jua kali na vumbi kila pahali. Tuandike hivyo, tuendelee.

Mimi ninatembeaka. Nyumba haijui kunishika. Asubuhi ninakunywa chai, ninachukua fimbo, natoka Cimpunda, nashuka, napanda, na miguu ikikubali nafika mpaka Kasha, upande wa Bagira, kwenye carrière, machimbo ya majiwe. Pale wanawake wanakaa chini, kila mumoja na kilima chake cha kokoto mbele yake, wanapasua. Wananipa jiwe la kukalia, tunaongea. Wananiita Papa Safari.

Eulalie alikuwa na miaka thelathini na mine, mwembamba, na vidole vinene kama vya fundi wa chuma. Kazi ile aliianza na mama yake, alipotoka shule darasa la nne. Mutu asiyeijua kazi anafikiri ni nyundo tu. Siyo nyundo, ni pete. Unakata chambre à air ya gari kubwa, ule mupira wa ndani wenye kushika hewa, unaukunja mara tatu, unaushona, unakuwa pete ya kuenea kiganja. Jiwe unaliweka ndani ya pete, mukono wa kushoto unaishika, mukono wa kuume unapiga. Pete inazuia vipande visiruke mu macho, tena inalishika jiwe lisikimbie. Pete ya Eulalie ilikuwa ya mama yake, na mama alikwisha kufa. Mupira wenyewe ulikuwa umelainika kama sikio la mbuzi. Kila asubuhi aliipangusa na kitambaa chenye maji mbele ya kupiga jiwe la kwanza. Wote wanafanyaka vile.

Kikohozi kilimuanza mwezi wa pili. Mwezi wa tano kikawa kinamukunja. Docteur wa dispensaire akamuambia waziwazi: "Maman, vumbi ya majiwe imeshaingia mu mapafu. Dawa nitakupa. Lakini ukirudi kukaa mu vumbi, ile dawa unaifuta na mukono wako mwenyewe. Tafuta kazi ingine."

Tafuta kazi ingine! Docteur alisema vile kama mutu anayesema funga mulango.

Sasa kule kwetu Cimpunda kuko Jean-de-Dieu, mutengenezaji wa radio, wa telephone, wa kila kitu chenye waya. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akataka mutu mumoja wa kukaa naye ku meza na kujifunza kazi. Alipotamka neno lile tu, nusu ya quartier, mutaa wetu, ikamuletea wajomba na wapwa. Hakujua amuchague nani bila kuudhi wengine. Akakumbuka ile gari.

Ile gari ilikuwa ndogo, urefu wa mukono mpaka ku kiwiko, inaongozwa na télécommande, kile kifaa cha mukononi cha kuiamuru toka mbali. Muzungu mumoja wa kutengeneza barabara alimuachia wakati alirudi kwao. Siyo gari ya mbio. Iliundwa kwa kupanda majiwe polepole, kama kinyonga: kila gurudumu linajinyanyua peke yake na kutafuta pahali pa kukanyaga. Jean-de-Dieu alishafufua motere na waya. Lakini pneu zake, mupira wa nje ya gurudumu, zilikuwa zimekauka, zimepasuka kama kisigino cha mulimaji, na mu Bukavu yote hakuna duka lenye kuuza pneu za kipimo kile.

Akawaita wote wenye kutaka kiti, akawasha gari, ikanguruma.

"Munasikia? Nguvu iko. Inakosa viatu. Mutu mwenye atachagulia hii gari viatu, ikapanda Koko mpaka juu bila mukono kuigusa, huyo njo nitamukalisha ku meza yangu. Kuchoma waya nitamufundisha. Kufikiri, hapana, hiyo sijui kufundisha."

Koko ni jiwe la kule Kasha. Linafika mutu mu kifua, jeusi, na mugongo wenye kuinama, ufa katikati, na juu yake kama meza. Wanaliita Koko, maana yake bibi mzee, kwa heshima, juu ya vile lilikuwa pale mbele ya wote kuzaliwa na nyundo zote zililishindwa.

Wengi waliangalia gari, wakaangalia Koko, wakarudi kwao. Walibaki wawili. Mumoja ni Fabien, aliyeongoza Fuso, gari kubwa ya muzigo, miaka kumi ku barabara ya Mwenga, mpaka tajiri akauza Fuso na kumuacha na funguo ya bure mu mufuko. Wa pili ni Eulalie.

"Ma Eulalie," Fabien akasema, "weye gari unaijulia wapi? Ulishapandaka tu nyuma, na kuku."

"Na weye majiwe unayajulia wapi? Ulishapitaka tu juu yake, umefunga vitre za dirisha."

Watu wakacheka. Jean-de-Dieu akawapatia kila mumoja jante ine, chuma cha katikati ya gurudumu, za kupimia pneu, na juma mbili.

Hapa niseme kitu juu yetu sisi watu wa huku. Ukituuliza pneu nzuri ni gani, hatufikiri mara mbili. Tunasema: yenye meno. Barabara zetu ni matope. Mutu aliyelala mu gari siku tatu upande wa Mwenga akingoja matope yakauke, anapenda meno ya pneu kuliko meno yake mwenyewe. Hata mutu asiye na gari anasema vile. Eulalie pia. Siku ya pili nilimusindikiza ku stationnement, pale magari ya Walungu yanasimama, akauliza ma-chauffeur watatu walio ku usukani, na wote watatu wakajibu pamoja kama kwaya: "Crampon, maman! Crampon!" Maana yake meno makubwa, marefu, ya kuuma udongo.

Basi akaenda kwa quado, fundi wa kuziba pneu, akaomba pneu ya pikipiki iliyotupwa. Akaikata vipande vyenye meno, akavifunga ku jante. Zilikuwa nzuri, sikufichi. Gari ndogo ilionekana kama Fuso yenye hasira.

Siku ya posho, njo jumamosi, tukaipeleka Kasha kuijaribu. Jean-de-Dieu mwenyewe alikuya na télécommande, juu hakumuachia mutu kifaa kile. Kwenye udongo, gari ilikwenda kama mulevi aliyepata barabara yake. Ikafika Koko. Meno yakagusa jiwe, yakateleza. Gurudumu zikazunguka bure, krrr, krrr, gari ikarudi nyuma, ikaanguka na mugongo, miguu juu kama mende.

Fabien alikuwa amesimama pale na mikono mu mufuko. "Pole, maman. Meno yako ni mafupi. Yangu nitayaweka marefu hivi, uje uone."

Eulalie akaipindua gari, akairudisha ku miguu yake. Alikaa chini kando ya gari, akakohoa muda murefu. Wakati aliinua uso nikaona macho yake ni mekundu, lakini hayakuwa ya kulia. Alikuwa anaangalia jiwe.

"Papa Safari," akaniambia, "siku ya kazi nitarudi kupasua. Watoto watakula nini? Lakini jiwe hili litanipatia njia."

Siku ya kazi nikamukuta ku kilima chake. Maman Consolate, jirani yake wa kupasua, mama wa miaka sitini na sauti ya kengele, alikuwa anamufokea: "Unapiga kama mutu wa usingizi! Pasua ao lala!"

Kweli Eulalie alikuwa ameacha kupiga. Alikuwa ameshika jiwe ndani ya pete, anaigeuza juu chini. Jiwe halianguki. Anaitikisa. Jiwe halianguki. Akatoa jiwe, akaweka pete ubavuni mwa Koko, pale pameinama sana, akaiachilia. Pete ikabaki imelala pale kama mutoto ku mugongo wa mama. Akachukua kipande cha pneu yake yenye meno, akakiweka pahali palepale. Kikateleza mpaka chini.

Tena akavua sandale yake. Akapanda Koko na sandale mu mukono, mguu mutupu, taratibu. Akavaa sandale, akajaribu tena, akateleza, akacheka mpaka kikohozi kikamushika.

"Maman Consolate! Mguu unalala juu ya jiwe. Unajipanua. Sandale haijui kujipanua, iko ngumu, inasimama tu ku ncha. Siye tulitafuta kuuma jiwe. Jiwe haliumwi!"

"Na sasa?"

Eulalie akaangalia pete.

"Hapana," Maman Consolate akasema. Alielewa mbele mimi sijaelewa. "Hapana, Eulalie. Ile ni ya mama yako."

"Niko na ingine ya mupira wenye kulainika vile? Nitaipata wapi? Hii imepigwa nyundo miaka makumi mbili."

"Na gari ikianguka? Utapasua na nini? Na meno?"

"Ikianguka, nitapasua na mukono mutupu, nitakufa na kikohozi, utanizika. Isipoanguka, sitahitaji pete. Njia zote mbili, pete imemaliza kazi."

"Mudomo wako!" Maman Consolate akageuza mugongo. Lakini kisha saa kidogo akatupa kisu chake cha kukatia mihogo karibu na mukono wa Eulalie, bila kumuangalia. Kisu kile kilikuwa kikali kuliko vyote pale.

Akakata. Nilikuwa pale.

Kazi ya kushona ilimuchukua siku ine, mchana, mbele ya mulango wa nyumba yake, na mimi nikimushikia uzi, juu mutu asiyefanya kitu lazima ashike kitu. Mupira wa pete aliukata mikanda mipana, akaushona, akaubandika na gundi ya quado, ukazunguka jante. Ndani ukawa mutupu, gari ikakaa chini ya uzito wake kama mukate uliolowa. Akatia éponge ya matelas, ile laini ya ndani ya godoro. Akatia nyingi mno, pneu ikavimba, ikawa ngumu kama mupira wa kucheza, na ubavuni mwa jiwe la pale mulangoni ikaruka. Akaitoa. Akaweka nusu. Sasa pneu ikigusa kona ya jiwe inaingia ndani kidogo, inalikumbatia, halafu inajirudisha. Lakini hewa ya ndani ilikuwa haina pa kutokea, ikawa inasukuma. Akapasha musumari moto, akatoboa tundu moja dogo ku kila pneu. Ukiminya na kidole, inapumua fyuu.

"Inapumua kunishinda," akasema.

Kisha akasema mbele ya gari ni nyepesi, ndiyo maana ilianguka na mugongo. Mutu anayepanda mulima na muzigo anainama mbele. Akaenda tena kwa quado, akaomba vipande vya risasi, ile chuma nzito, vya kusawazishia gurudumu za gari kubwa, akavifunga ndani ya jante mbili za mbele. Za nyuma akaziacha.

Siku ikafika. Saa ine za asubuhi, jua limeshapanda, carrière yote ilikuwa imeacha nyundo. Jean-de-Dieu alikaa juu ya kibidoni, akatangaza sheria: kila mutu mara tatu, na mukono ukigusa gari, mara ile imekufa.

Fabien akaanza. Pneu zake zilikuwa na meno marefu kama vidole, na alizijaza hewa mpaka zikang'aa. Mara ya kwanza akatia nguvu yote. Gari ikaruka, ikagonga Koko, ikarudi. "Ilikuwa salamu tu," akasema. Mara ya pili ikapanda mpaka karibu na ufa, jino moja likashika, watu wakapiga kelele, halafu jino likakunjika, gari ikaviringika mpaka miguuni mwa Maman Consolate.

"Kuya uchukue mutoto wako," akamuambia, "ananing'ata."

Mara ya tatu ilikuwa kama ya kwanza. Fabien akapangusa jasho.

Eulalie akachukua télécommande. Mimi nikaanza kuhesabu vifungo vya shati yangu. Gari ikakanyaga jiwe. Ikashika. Ikapanda kiganja kimoja, viganja viwili, kisha polepole, bila kelele, ikaanza kushuka kinyumanyuma, gurudumu zimesimama, kama mutu anayeteleza amelala. Ikafika chini.

Halafu sauti ya kengele, Maman Consolate:

"Eulalie! Pete unaipangusaka kila asubuhi! Leo je? Umeitembeza mu vumbi kutoka kule barabarani, unataka ishike nini?"

Eulalie akajipiga paji la uso. Ni kitu mutoto wa carrière anakijua mbele ya kujua jina la baba yake: pete yenye vumbi haishiki. Akaomba ruhusa. Jean-de-Dieu akasema kugusa gari ikiwa chini, siyo kosa. Akalowanisha pembe ya kitenge chake, akapangusa pneu moja moja mpaka zikawa nyeusi tena. Hata Koko akalipangusa pale chini, hatua ya kwanza.

Mara ya pili gari ikapanda mpaka ku ufa. Gurudumu la mbele la kushoto likaingia mu ufa, likakwama. Eulalie akaachilia kidole. Gari ikabaki pale, imenata ubavuni mwa jiwe.

"Tia gaz, nguvu yote!" Fabien akapiga kelele. Alikuwa amesahau kama ni mupinzani. "Tia gaz, maman, itatoka!"

"Ku matope njo unatiaka gaz, papa."

Akarudisha nyuma kidogo, kipimo cha ukucha. Akageuza gurudumu. Akatia nguvu kidogo sana, niliona pneu inaminyika, inaingia ku kona ya ufa, inapumua. La kulia likapanda. La kushoto likalifuata. Risasi za mbele zikaivuta pua ya gari ikae chini. Hakuna aliyekohoa, hata yeye. Gurudumu la nyuma likatafuta, likakosa, likatafuta tena, likapata. Na gari ile ndogo ikasimama juu ya Koko, pale pa meza, imetulia kama kuku aliyepata pahali pa kulala.

Sitaandika kelele ya wale wanawake. Walipiga nyundo juu ya majiwe wote pamoja, mpaka Bagira nzima ilijiuliza.

Jean-de-Dieu akainuka ku kibidoni. Akaminya pneu na kidole, ikafanya fyuu.

"Nani alikuambia usiweke meno?"

"Meno niliweka kwanza, papa. Ukaona ginsi ilianguka."

"Na mupira huu umeutoa wapi?"

Akamuonyesha kiganja cha kushoto, ule mustari mweusi wa pete, wa miaka yote ile. Jean-de-Dieu akaupima mustari ule na kidole chake.

"Lundi, juma likianza, saa mbili. Ukuye na kiti yako, yangu ni moja."

Fabien akamupa mukono. "Ma Eulalie, nilikuwa najua barabara, kumbe sikujua jiwe. Lakini siku utanunua Fuso, chauffeur ni mimi."

"Utaniweka nyuma na kuku?"

"Mbele! Na vitre wazi."

Lundi akaenda, na kiti juu ya kichwa. Mpaka leo ninapoandika, anakaa pale, upande wa dirisha, na chuma cha kuchoma waya mu mukono. Kikohozi hakikumutoka chote. Docteur anasema kile kilichoingia kimeingia, lakini hakiongezeki. Asubuhi moja nilipita nikamusikia anaimba, sauti ya chini na yenye mikwaruzo, lakini wimbo ulifika mwisho. Gari iko juu ya kabati, na pneu zake. Kipande cha pete kilichobaki amekipigilia ku ukuta.

Kile kipande ndicho kinanisumbua mimi. Niliuliza Eulalie: mama alitoa wapi chambre à air ile? Akasema mama aliiokota kandokando ya barabara ya Walungu, siku moja ya mvua, pahali gari kubwa ilibadilisha pneu. Gari ilikuwa imeshaendelea. Zaidi ya pale hajui. Nikauliza Maman Consolate, akaniambia nitafute kazi. Nikauliza Fabien, akauliza rafiki zake wa Mwenga, wakainua mabega. Nikienda ku stationnement nawauliza wazee wa usukani, mumoja mumoja, na wanafikiri ninatafuta lift: ile gari kubwa iliyoacha mupira wake mu mvua, yenyewe ilifika kwenye ilikuwa inaenda?